Mtoto wa pwani naye afundishwe maji

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi gazetini kwako niseme jambo linalonikaa rohoni siku nyingi, na nnaliandika sasa makusudi kwa sababu likizo iko mlangoni na mwezi unakwenda kuwa mpevu, yaani bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kukupwa. Kila anaekaa pwani anajua bamvua letu linavyokwenda. Asubuhi mnamo saa nne, saa tano maji yamekupwa kabisa, kinamama wako kwenye mwani na kwenye pweza, halafu yanaanza kurudi, pole pole mwanzo, na ikifika saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu mchana yanakuja mbio kweli kweli, mpaka alasiri yamejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Sasa mtoto anaesoma mkondo wa asubuhi anatoka skuli saa ngapi? Saa sita na nusu, saa saba. Akifika nyumbani anatupa mkoba, anakula, anatoka na wenzake kwenda pwani, na saa anayoingia yeye majini ndio ile ile ambayo bahari inarudi kwa nguvu zake zote. Na bamvua kubwa kwetu tofauti baina ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4, kwa hiyo katika zile saa mbili za kati maji yanapanda kama mita moja kwa kila saa. Mtoto aliyesimama maji ya magoti saa saba, akikaa pale pale akicheza mpaka saa nane yamempita kichwa. Katika vitabu vyote nnavyosomeshea sijaona hata ukurasa mmoja ulionipa kazi ya kumwambia mtoto hivyo.

Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi, Mkoa wa Kusini Unguja, nasomesha madarasa ya chini. Ninachoomba ni hichi: kila mtoto wa Unguja na Pemba, mwanamme na mwanamke, kabla hajamaliza darasa la nne awe anaweza kuelea chali bila ya kushikwa na mtu, ajue maji yanajaa vipi na yanatokea wapi, na ajue kumsaidia mwenzake bila ya yeye mwenyewe kujitosa. Sizungumzii mashindano wala medali, na wala simwombi mtu ajenge bwawa la kuogelea.

Nikilisema hili jawabu ya mwanzo nnayopata siku zote ni kuwa mtoto wa pwani hafundishwi maji, anazaliwa nayo. Mie nasema sio kweli, na tunaliamini kwa sababu tunawaangalia wale wanaojua tu. Nenda Forodhani mjini jioni uone vijana wanavyojirusha kutoka ukutani, mmoja anapinduka hewani, mwengine anapiga mbizi anatokea kule, watu wanasimama kuangalia na kupiga picha. Ni raha kuwaona na siombi wakatazwe. Lakini kwa kila kijana anaejirusha pale kuna wangapi wamekaa juu ya ukuta miguu inaning'inia, na dada zao wako wapi? Hata hao wanaojirusha, walichojifunza ni kuruka na kurudi ukutani. Hakuna aliyewafundisha kupumzika majini ukichoka, hakuna aliyewaambia ufanye nini ukiona unapiga mikono na ukuta hausogei. Kuogelea umbali mfupi na mwili ukiwa na nguvu ni jambo moja, kukaa juu ya maji mpaka mtu aje akuchukue ni jambo jengine, na hilo la pili ndilo linalomrudisha mtoto nyumbani.

Kisha kuna hili la kimya. Tumezoea kusema mfa maji haishi kutapatapa, na watu wazima tunakaa pwani tukisubiri kumwona huyo anaetapatapa na kupiga kelele ndio tukimbie. Mtoto anaekufa maji mara nyingi hapigi kelele kwa sababu hawezi, mdomo uko sawa sawa na maji, unatoka kidogo unazama tena, ile pumzi anayoipata inamtosha kuvuta tu haimtoshi kuita. Mikono haipungi juu, anaikandamiza majini ubavuni ili ajiinue, kichwa kimelala nyuma, macho hayaangalii pahala, na wenzake walio hatua tatu kutoka kwake wanadhani anacheza. Hata dakika moja haitimii mtoto mdogo keshazama. Kwa hiyo naomba kila mzazi anaesoma barua hii alichukue hili hata kama mengine yote atayaacha: ukimwona mtoto majini kasimama wima, kimya, hasogei mbele, mwite jina lake, na akiwa hakujibu usingoje.

Kila kijiji cha pwani kina pahala pake panapoogopwa, wazee wanatwambia pale pana mwenyewe, usiende kuoga mchana jua la utosini. Mie siwapingi wazee wangu. Lakini kwetu mie nimepaangalia hapo pahala miaka yote na nimeona ni pale penye mlango, yaani pale mwamba ulipokatika na maji yote ya ndani ndio yanapotokea yakianza kukupwa. Maji ya ghuba nzima yanabanana kupita kwenye mlango mmoja, na aliyekuwepo hapo wakati huo anakwenda nayo, awe mtoto awe mtu mzima awe anajua kuogelea namna gani. Wazee walijua kuwa pale panaua na wakatafuta maneno ya kumzuia mtoto, na maneno yale yalifanya kazi zama zao. Mtoto wa leo haogopi tena, anacheka. Basi tumpe sababu yenyewe, tumchukue juu ya jabali maji yakitoka tumwoneshe kwa macho, tutupe kifuu cha nazi akione kinavyokwenda mbio. Na tumwambie la kufanya ukichukuliwa: mkondo hauvuti chini, unapeleka nje, kwa hiyo usipigane nao kutaka kurudi ulikotoka maana utachoka na kuchoka ndiko kunakoua, lala chali, vuta pumzi, inua mkono mmoja waone watu, na nguvu zikikurudia kata ubavuni sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndio urudi. Somo zima hilo ni nusu saa.

Na sio kuoga tu jamani. Sie ni watu wa visiwa juu ya visiwa. Mtu wa Tumbatu hafiki Mkokotoni ila kwa chombo, mtu wa Kojani, wa Fundo, wa Makoongwe, wa Kisiwa Panza, wote hao maisha yao yanapita juu ya maji, watoto kwa wazee. Na kule Uzi watu miaka mingi walipita njia ya mikokoni kwa miguu maji yakipwa, na yakijaa njia haikuwepo. Hakuna mtu mzima wa Zanzibar asiyekumbuka alikuwa wapi ile asubuhi ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander imezama usiku baina ya Nungwi na Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Haijatimia hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar, mchana kweupe, upepo wa kusi na mawimbi. Na mwanzoni mwa 2022 mashua iliyochukua watu wanaokwenda msibani Kisiwa Panza ikazama na watu wakafa. Sitaki kuwatonesha waliopotelewa na watu wao, na sisemi kuwa kuogelea kungewaokoa, maana meli iliyojazwa kupita kiasi kosa lake liko bandarini kabla haijang'oa nanga, na hapo ni serikali na wenye meli. Lakini wale waliotoka hai usiku ule wa Spice Islander wengi walitoka kwa kushikilia kitu, magodoro khasa, mpaka asubuhi wakaja kuchukuliwa. Maji yetu ni ya vuguvugu, nyuzi 25 mpaka 29 mwaka mzima, hayamuui mtu kwa baridi haraka kama huko kwa wenzetu, na ukiweza kukaa juu ya maji bila ya kutapatapa una masaa. Mtoto akijua kuwa dumu tupu la lita 20 limefungwa kifuniko vizuri linamweka mtu mzima juu ya maji, akijua laifu jaketi inavaliwa na inafungwa vipi kabla ya kuondoka na sio chombo kikishalala upande, huyo keshapewa kitu.

Kuna wanaonambia mwalimu siku ikifika imefika. Naamini kadari kama wanavyoamini wao, na siku yangu mie haimo mkononi mwangu. Lakini hao hao wanakaza breki za vespa kabla ya kwenda shamba na wanapeleka mtoto chanjo. Na Mtume (S.A.W.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndio atawakali, amwachie Mungu. Tena yapo maneno yanayopokewa kutoka kwa Sayyidna Omar kuwa wafundisheni watoto wenu kuogelea na kutupa mishale na kupanda farasi, masheikh wetu wanayasema msikitini kila mara, na watu wanaitikia, na wakitoka nje hakuna anaefundisha.

Sasa nije kwenye watoto wa kike, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa khasa. Mtoto wa kiume akiwa na miaka saba anakwenda pwani na kaka zake akirudi usiku anagombezwa kidogo yamekwisha. Mtoto wa kike akikaribia miaka tisa kumi anaambiwa keshakuwa mkubwa, asioge baharini. Haya. Lakini bahari yenyewe haachani nayo. Huyu huyu ndiye atakaekwenda chaza na mama yake, atakaekwenda kuvua kwa tandio, atakaelima mwani akiolewa. Na kilimo cha mwani tunakijua sote upande wetu huu wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, kimeanza mwisho wa miaka ya 1980 na mpaka leo wengi wa wakulima ni wanawake. Siku hizi bahari imepata joto, ule mwani mnene wenye bei nzuri unakufa kwenye maji machache, wataalamu wanasema upelekwe kwenye maji makubwa zaidi, mita kadhaa, wapande vyombo. Nani atakwenda huko? Mwanamke ambaye tumemkataza asijifunze kuogelea tangu ana miaka tisa. Tunamtoa kwenye maji akiwa mtoto kwa ajili ya stara yake kisha tunamrudisha ukubwani kwa ajili ya riziki, na hapo katikati hatukumpa chochote.

Na suala la stara lina ufumbuzi, wala sio mgumu. Wafundishwe na wanawake, pahala pao, saa yao, na waingie na nguo zao. Tena mie nasema ndio bora waingie na nguo, suruali ndefu na kanzu na mtandio, hata wavulana nao waingie na sare, kwa sababu hakuna mtu anaeanguka kwenye mashua akiwa amevaa nguo za kuogea. Uholanzi, nchi iliyojaa mifereji ya maji kila upande, mtoto hapewi cheti chake cha kuogelea mpaka aingie majini na nguo na viatu, kwa sababu hiyo hiyo. Na hapa hapa kwetu Nungwi mradi wa Panje Project uliwafundisha wasichana kuogelea, wenye kuvaa burkini, lile vazi la kuogelea la stara, walivaa, waliowafundisha ni wanawake, na vifaa vyao mojawapo ni dumu tupu la njano analolishika mtoto kifuani. Kwa hiyo anaesema kwetu haiwezekani namwambia apande gari ya Nungwi akaulize.

Nimesema siombi bwawa, na hili watu hawalielewi mpaka niwaeleze, kwa hiyo naeleza. Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa wa siku tisa kumi hivi tangu kuandama, na tena ukiwa wa siku ishirini na tatu ishirini na nne. Siku hizo bahari haina haraka, tofauti ya kujaa na kukupwa ni mita moja na kitu tu, na asubuhi maji yako juu kiasi, yametulia, unapata maji ya kiuno cha mtoto karibu na ufukwe bila ya kwenda mbali. Tafuta pahala pa mchanga mtupu, pasipo miba wala jabali, mbali na mlango. Funga kamba kwenye madumu matupu uzungushe eneo, mtoto asipite kamba. Watoto wawe wawili wawili, kila mmoja anamwangalia mwenzake na ukipiga filimbi wanashikana mikono unawahesabu. Mwalimu mmoja asiwe na watoto wengi majini, kundi dogo linaingia na wengine wanakaa mchangani wanaangalia, na awepo mtu mzima mmoja kazi yake ni kuangalia tu, hafundishi, hashiki simu, na mvuvi mmoja na ngalawa yake nje ya kamba. Wavuvi hawakatai ukiwaomba, wana watoto na wao.

Somo la kwanza wala si kupiga mikono. Ni kutia uso majini na kutoa pumzi puani, mpaka mtoto asiogope maji kumwingia masikioni. Kisha kulala chali, mwalimu kashika kisogo kwa vidole, masikio yote mawili ndani ya maji, kidevu juu, tumbo juu, mikono imefunguliwa, vuta pumzi usiitoe yote. Mtoto akiinua kichwa kuangalia miguu yake miguu inazama, ndio wanachokosea wote. Mwambie alale kama yuko juu ya jamvi anaangalia nyota. Maji ya chumvi yanabeba zaidi kuliko maji ya mvua, kwa hiyo wa kwetu wanaelea upesi. Ukiondoa kidole chako na yeye hajui kuwa umeondoa, kisha umwambie, sura anayoifanya huyo mtoto haielezeki! Akishapata hapo ndio umfundishe kujigeuza kutoka kifudifudi kwenda chali, maana anaeanguka hachagui anaangukaje, na baadae ndio mikono na miguu. Bangladesh, nchi ya Waislamu na ya vidimbwi na mito mpaka nyuma ya nyumba, wana mpango wao unaitwa SwimSafe, wanafunga mianzi ndani ya bwawa la kijiji wanapata uwanja wa kufundishia, na kipimo chao cha kumaliza mtoto aogelee mita 25 na aelee nusu dakika. Mianzi na bwawa la kijiji. Sasa sie na bahari yote hii tunasema hatuna vifaa?

Kuokoa nako kunafundishwa nchi kavu kwanza. Inauma kusikia amekufa mtoto na kakaye au mama yake aliyemfuata, na hutokea, kwa sababu anaekufa maji hakushiki akuachie, anakupanda kichwani bila ya kujua anafanya nini. Mtoto wa darasa la tatu asiingie kumfuata mwenzake, abadan. Apige ukelele aite watu, alale kifudifudi ukingoni anyooshe kitu, pondo la mashua, tawi, kanga iliyokunjwa, au atupe kinachoelea, dumu, boya, nazi mbili zilizofungwa pamoja kwa makumbi yake. Michezo hii watoto wanaipenda mno, uwanjani skuli mmoja anajifanya anazama kwenye nyasi na mwengine anamrushia kamba.

Na sisi watu wazima tuna letu la kuacha. Mtoto akitolewa majini mtu anamshika miguu anamning'iniza kichwa chini, mwengine anamkamua tumbo, ati maji yatoke. Maji ya mapafuni hayatoki hivyo, kinachotoka ni cha tumboni na kinarudi kwenye njia ya pumzi, na dakika zinakwenda bure. Anachotaka huyo mtoto ni hewa. Mlaze chali pahala pagumu, inamisha kichwa nyuma kidogo inua kidevu, kama hapumui mbane pua umpulizie mdomoni mara 5 kifua kikiinuka, kisha kandamiza kifua katikati mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, mpulizie mara 2, uendelee hivyo hivyo bila ya kuacha mpaka apumue au wafike wenye ujuzi. Na hata akizindukana akasema jina lake mpelekeni hospitali, asilazwe nyumbani, maana mapafu yaliyokwisha kuingia maji yanaweza kumgeukia baadae. Hili wafundishwe walimu, wanafunzi wa sekondari, vijana wa pwani, wenye boti za wageni, madereva. Halihitaji cheti cha daktari.

Watu wa shamba na wa mjini wasidhani barua hii haiwahusu. Masika yakipiga, mashimo yaliyochimbwa mchanga na mawe yakaachwa wazi yanajaa, mabondeni kunageuka bahari, visima havina vifuniko. Mtoto mdogo wa miaka miwili mitatu hafundishiki, huyo ni kuzungushiwa uzio na kuangaliwa, basi, lakini kaka yake wa miaka minane ndiye tunaemwachia amlee na huyo anafundishika. Shirika la Afya Duniani linakisia watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi kama zetu, zenye kipato kidogo na cha kati. Shirika hilo hilo linataka watoto wa umri wa skuli wafundishwe kuogelea na usalama wa maji, na Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji. Wenzetu wa bara kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, wapo shirika la EMEDO wanaolishughulikia hili kwa jamii za wavuvi. Hawa ni watu wa ziwa. Sie wa bahari tuko wapi?

Nnajua kwa nini skuli hazianzi zenyewe na sio uvivu. Mwalimu mkuu anaogopa. Akiwapeleka watoto pwani likatokea la kutokea ni yeye atakaesimama mbele ya mzazi na polisi, na akikaa nao darasani, mtoto akafa maji saa nane mchana baada ya kengele, hakuna atakaemuuliza kitu. Kwa hiyo anachagua kukaa, na mie kwenye nafasi yake sijui ningefanya nini. Hapo ndipo tunapoitaka Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Hatuombi fedha nyingi, tunaomba waraka. Waraka unaosema somo la maji ni somo, lina wakati wake kwenye ratiba siku za maji mafu, mwalimu anaelisomesha awe amepata mafunzo, watoto kiasi gani kwa mwalimu mmoja, mzazi asaini, na mwalimu aliyefuata hayo yote analindwa. KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo baharini, wana wazamiaji na waokozi, Zimamoto na Uokozi wapo kila mkoa, hao ndio wakuwafundisha walimu, wiki moja ya likizo inatosha kuanzia. Mamlaka ya Usafiri Baharini nayo ikienda skuli za Tumbatu na Kojani na laifu jaketi mkononi, mtoto akaivaa mwenyewe na kuifunga mbele yao, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko bango la bandarini. Hoteli za pwani zina maboya na kamba za zamani wanazotupa, wazipeleke skuli ya jirani.

Kwetu wazazi tumeshakaa nao, kinababa na kinamama, wamekubali, na kinamama wawili wakulima wa mwani wanaojua kuogelea wamesema watasimama na watoto wa kike. Kamba ipo, madumu yapo, mwenye ngalawa yupo. Kilichobaki ni ruhusa ya maandishi, na kila ofisi nnayokwenda naambiwa nende nyengine. Naomba Wizara inijibu hapa hapa gazetini ili na walimu wengine wasome: ruhusa hiyo anatoa nani, na likizo hii mafunzo ya walimu yanaweza kuanza au hayawezi?

Wasalaam,

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Kusini Unguja